Jina Nililolikataa

Temeke, Ijumaa

Ulimi wangu huu! Leo mtoto wa kaka alikuwa anapewa jina, na wifi yangu Asha akataka aitwe Zuhura. Nikadakia mbele ya wageni, "Zuhura? Kina Zuhura wote ninaowajua ni wahuni!" Watu wakacheka. Kaka akaona haya, akasema aitwe Mariamu.

Wageni walipoondoka ndipo mama akaniambia: Zuhura ni jina la marehemu mama yake Asha.

Nilimpelekea Asha uji. Nikamsikia akimnong'oneza mwanawe, "Zuhura wangu." Aliponiona akashtuka. "Mariamu, mwamkie shangazi."

Nikapiga magoti. "Nisamehe, wifi. Mwite Zuhura, nitasema na kaka mwenyewe."

Akamfunika mtoto uso kwa kanga, kana kwamba namtazama vibaya.