Trekta Iliyonoki Barabara ya Shianda

Mjukuu wangu Shikuku,

Bibi yako hajambo, ng'ombe amezaa, na mimi bado ndiye dereva hodari kuliko wote Shianda. Lakini tangu uniulize kama uamini kitabu cha gari kuhusu oili, situlii.

Wakati miwa ilikuwa pesa, niliendesha trekta. Fundi Makokha akaniambia, "Kijana, badilisha oili, vumbi limezidi." Nikamcheka: "Mzee, mimi nimefika darasa la tano! Kitabu kinasema bado." Injini ikanoki, ikafa njiani, miwa ya watu ikakauka kwa trela. Makokha akafungua kitabu hicho hicho, ukurasa uliofuata: penye vumbi, badilisha mapema. Kitabu hakikunidanganya, ni mimi nilisoma nusu.

Huko Lodwar unakoendesha ni vumbi tupu. Kesho usiwashe gari kabla hujasoma kitabu chako chote.

Babu yako, Kuka