Kifo cha Baba Mkubwa Kimefutwa

Sanduku la Posta lile lile la siku zote,
Tanga.
14 Juni 2025

Kwako dada yangu mpendwa Dorkasi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui sana na hiyo baridi ya Iringa. Sisi huku Pongwe hatujambo. Baba anakula, analala, na kila asubuhi anagombana na kuku wa jirani yetu Mwanamkasi wanaoparua bustani yake, kwa hiyo afya yake ni njema. Masika yalikuwa makubwa mwaka huu. Mihogo imekubali, bati la jikoni halijakubali, bado linavuja pale pale ulipopaacha.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Tangu uolewe hujapata barua yangu hata moja, na simu ninayo. Sababu nitaifikia huko chini, usiruke mistari.

Nianze na habari kubwa. Baba mkubwa Wilfred, niliyekupigia simu mwezi wa tatu kukutangazia kifo chake, ukalia mpaka shemeji akakupokonya simu, hajafa. Au niseme vizuri: kama amekufa, hakufa kifo kile. Kifo nilichokutangazia mimi kimefutwa. Rambirambi uliyotuma ililiwa, hiyo haifutiki, na naomba radhi.

Mambo yalianza hivi. Nilikuwa kibandani natengeneza baiskeli ya katekista, simu ikalia. Kumbe ni ujumbe wa mtu anayejiita Wakili Edmondi, wa nchi za nje. Aliandika kwamba jamaa yangu amekufa katika ajali ya ndege, hakuacha mke wala mtoto, na mali yake yote imekaa benki inamngoja mrithi, ambaye ni mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu. Aliniita "mpendwa mrithi wa faida", na marehemu alimwita "jamaa ya wewe". Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo. Mimi nilisema moyoni, huyu ni msomi, Kiswahili amejifunza ukubwani.

Nilimpelekea Baba habari ile. Unamjua Baba na habari za kaka yake. Wilfred aliondoka mwaka sabini na mbili na meli iliyobeba mkonge, msaidizi wa mpishi, miaka kumi na tisa, na Baba alikuwa na kumi na nne. Alimwambia Baba akifika ataandika. Anwani aliyokuwa nayo ni moja tu, ya sanduku la posta la babu, na ndiyo maana Baba hajaliachia sanduku lile hata siku moja. Mkonge uliposhuka bei na shamba likafungwa, analipia. Mama alipougua, analipia. Kila Jumamosi anavaa viatu anakwenda mjini kulifungua, na sisi tulipokuwa wadogo tulimcheka kwa siri, nawe ulicheka zaidi yangu.

Basi nilipomsomea, Baba hakuuliza habari ya mali. Aliuliza kama Wilfred aliteseka. Nikamwandikia wakili, wakili akajibu kwamba ilikuwa ghafla, na kwamba nitume laki nne za kufungulia faili ndani ya saa arobaini na nane. Baba akasema afadhali ilikuwa ghafla. Kisha akaingia chumbani, na nilimsikia analia, dada. Sijawahi kumsikia analia namna ile, hata kwa Mama.

Laki nne nilikuwa nazo, zile za bati la jikoni. Ningezituma siku hiyo hiyo. Kilichoniokoa si akili yangu, ni matanga. Baba alitoka chumbani macho mekundu akasema mali ya maiti haiguswi kabla maiti hajazikwa na arobaini yake haijapita, na atakayeigusa atakuwa si mtoto wake. Nikamjibu wakili angoje siku arobaini. Alijibu kwa herufi kubwa tupu.

Sasa maiti hatunaye, na desturi ya ukoo wetu unaijua: asiyeonekana anazikiwa mgomba. Tukachimba kaburi kando ya la Mama. Baba mwenyewe alichagua mgomba, akakataa tukate kipande, akasema kaka yake hazikwi nusu. Tukaung'oa na tunguu lake lenye mizizi, tukauvisha shati la Baba la Krismasi, tukauzika. Mchungaji alikuja shingo upande, akasema ataombea familia, mgomba hauombei. Mwanamkasi, ambaye hata picha ya Wilfred hajaiona, alilia kuliko wote na akapika kuliko wote. Jamaa wa Mkwaja, ambao hatujawaona tangu harusi yako, walifika watu tisa na daftari, wakauliza mapema kabisa nani atakuwa msimamizi wa mirathi.

Wakati wote huo Baba ananituma nimwulize wakili maswali. Nani alimwosha? Waliimba wimbo gani? Kama alikuwa peke yake huko, nani alikaa naye matanga? Wakili kila mara anajibu: "Tafadhali lipa." Baba akasema mtu huyu hana utu, lakini labda ndivyo sheria za kwao zilivyo. Akanituma nimwalike kwenye arobaini. Hakuja.

Arobaini ilipokwisha, Baba alifanya jambo lililoniuma. Alikwenda posta akarudisha ufunguo wa sanduku. Alirudi kabla ya saa nne, akavua viatu, akakaa ukumbini. Jumamosi iliyofuata hakujua pa kwenda. Alitoka akafika barabarani, akarudi.

Mimi Jumatatu yake nilichukua laki nne nikaenda mjini, kwanza kuchapisha nyaraka za wakili, halafu nikatume. Nilikwenda kwa Rukhsana, binti wa marehemu Mzee Zainuddin, siku hizi duka la baba yake amelifanya la kuchapisha na kutoa kopi. Nilimpa cheti cha kifo akichape kwa rangi. Akaiangalia tarehe iliyoandikwa, akaniangalia, akaniuliza kama mwezi wa sita kwetu Pongwe una siku thelathini na moja. Nikamwambia labda kwa wenzetu unazo. Hakucheka. Alifungua droo akatoa karatasi iliyosahauliwa na mteja mwingine, barua ya Wakili Edmondi, ndege ile ile, benki ile ile, "mpendwa mrithi wa faida" ile ile. Alisema hiyo ni ya tatu tangu Ramadhani.

Nikabisha. Wewe unanijua nikishika kubisha. Nikamwambia hao wengine ni matapeli waliomwiga Edmondi wangu. Rukhsana akachukua simu yake, akamwandikia Edmondi kwamba yeye naye amepotelewa na mjomba huko nje, aitwaye Sultani Paka. Sultani ni paka wake, dada. Alikuwa amelala juu ya mashine ya kopi, wakati huo huo, namwona kwa macho yangu. Hatukumaliza chai, jibu likaja. Wakili alitoa pole nyingi kwa msiba wa Bwana Paka, aliyekuwa rafiki yake mpendwa na mfanyabiashara wa mafuta, aliyefariki katika ajali ya ndege. Sultani akajinyoosha akageuka upande wa pili.

Rukhsana hakunicheka hata hapo. Alinifundisha taratibu kama anavyofundisha bibi wa kikundi cha wanawake cha mtaani kwake: anayekupa mali hakuombi ada, anayekuharakisha hataki ufikiri, na mirathi ya kweli inapita mahakamani, haipiti kwenye simu ya fundi baiskeli. Tukaifunga njia ya Edmondi kwenye simu zote mbili. Chapa ya rangi hakunitoza.

Laki nne zilikuwa mfukoni salama. Nilichoogopa ni Baba. Nitamwambiaje kwamba nimemliza bure siku arobaini? Nilizunguka soko mara mbili ndipo nikapanda gari la kurudi. Nilimkuta ukumbini, nikamweleza yote, mpaka na paka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mali hakuna."

"Hakuna, Baba."

"Na ndege haikuanguka."

"Haikuanguka."

"Sasa Wilfred alikufa na nini?"

Baba akainuka. Akasema, "Basi hajafa. Niletee viatu."

Ilikuwa karibu saa tisa, na posta inafunga. Dada, mzee wa miaka sitini na saba alinitangulia mpaka barabarani. Ufunguo tuliukuta bado unaning'inia kwenye msumari, hakuna aliyelitaka lile sanduku. Ada na faini nimelipa mimi katika zile za bati, ndiyo maana jikoni kunavuja. Jumapili yake Baba alitoa sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili ya kaka yake ambaye hajafa, na mchungaji akaipokea vile vile shingo upande.

Hapa ningeweza kukuaga ukabaki unacheka. Lakini kuna jambo sijakuambia, wala simu isingeweza kulisema.

Baba alianza kueleza watu kwamba wezi wale lazima wanamjua Wilfred. Vinginevyo jina lake wamelitoa wapi, na mwaka, na meli ya mkonge? Alisema yuko mahali fulani, wamemwibia jina. Akataka twende polisi, Edmondi akamatwe, si afungwe, aulizwe tu alionana na Wilfred wapi. Alinyoosha suruali ya safari.

Jina lile wamelitoa kwangu, dada. Ujumbe wa kwanza haukutaja jina lolote, ulisema jamaa tu. Mimi ndiye niliyemjibu, nikauliza: je, ni baba mkubwa wetu Wilfred, aliyeondoka na meli ya mkonge mwaka sabini na mbili? Naye akajibu ndiyo, huyo huyo. Nikaufuta ule wa kwanza na jibu langu, nikampelekea Baba wa pili. Nilijiambia najaribu kufupisha. Ukweli ni kwamba nilitaka sana mimi niwe wa kuleta jibu nyumbani. Miaka yote nimekuwa mtoto wa kupeleka viatu na kurudisha viatu. Niliona haya, na bado naona.

Jumamosi iliyopita nilimwambia, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje ya posta. Nilimwambia bila kumtazama. Alikuwa anauzungusha ufunguo kidoleni.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo duniani kote, aliyesema Wilfred amekufa ni wewe peke yako?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi afadhali. Tangu utoto wako, Noa, hujawahi kuleta habari ikawa ya kweli."

Akanishika bega kuinukia, na akauacha mkono wake pale mpaka tulipofika barabarani. Suruali ya safari ameirudisha kwenye sanduku la nguo.

Kaburini mgomba umechipua. Si ajabu, tulizika na tunguu lake na mvua ilinyesha. Mwanamkasi anaona vibaya kupita pale, na jamaa wa Mkwaja wameshauliza mkungu utakuwa wa nani. Baba anaumwagilia maji, na haelezi mtu chochote.

Sasa nimefika kwenye sababu ya bahasha. Tangu tulichukue tena sanduku ninakwenda naye kila Jumamosi. Zamani sikuwahi kuona anavyofanya. Anafungua, anatia mkono ndani mpaka kiwiko, anapapasa pembe zote, anafunga, anasema wiki ijayo. Nimeona hivyo mara tano, na ya sita sidhani kama nitaweza.

Kwa hiyo usinijibu kwa simu. Andika barua, hata mistari miwili, habari za goti lako zinatosha. Watoto nao waandike, kila mmoja na bahasha yake. Juu uweke jina la Baba, si langu, na uzipeleke kila moja na wiki yake.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie nguo nyeusi ya matanga aliyonitumia nimeitunza. Baba anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia.

Mimi mdogo wako,
Noa