Ile Wiki ya Ufukweni

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Baba yako kalala, usimwamshe. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue.

Nimekwenda kuvunja mkataba wa ile nyumba ya ufukweni, tuliyouziwa tuwe tunakaa wiki moja kila mwaka. Asubuhi nilimwambia baba yako tumeingizwa mjini. Hakubisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Najua, mama. Ila watoto wakubwa hawaji hapa nyumbani. Nikadhani kule kwenye bahari watakuja."

Nikachukua mkoba.

~~Nikirudi nitawapigia kaka zako.~~ Wapigie wewe, mimi nitalia tu. Habari za nyumba usiwaambie. Waambie baba yao anawaulizia.

Mama