Suti ya Kanisani na Nyongeza ya Ulemavu

Louisville, Kentucky

Dada Leokadia,

Nakusalimu wewe na mama, na goti la mama, ambalo najua linataka salamu zake peke yake. Kama huko Kasulu ni wazima, mimi huku nusu ya juu ni nzima. Ile ya chini ndiyo ninayokuandikia.

Unajua tangu mzigo wa ghalani uniangukie mgongoni nalipwa pensheni ya ulemavu. Ni ndogo, kwa sababu nilivunjika kabla sijafanya kazi sana. Ila jimbo hili lina nyongeza kwa mlemavu anayetunzwa nyumbani, asije akapelekwa kwenye makao ya wazee. Lazima waone kwamba bila mtu wa kukuhudumia huwezi. Na mimi siwezi, dada. Mke wangu Jeneroza ndiye ananiogesha, ananivalisha, ananigeuza kitandani. Tukiipata, ataacha kiwanda abaki nami.

Mwezi uliopita tukaambiwa mama wa ofisi ya nyongeza anakuja kuniona. Mgeni! Jeneroza akadeki mpaka nyuma ya friji. Akanivika suti ya kanisani, akanifunga tai, akaniketisha kwenye kochi na mito mitatu mgongoni nisipinde. Kiti cha magurudumu na ndoo yangu ya haja akavificha kwa jirani. Nilipendeza kama bwana harusi.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mkongomani. "Bon, mzee, mama anauliza, unaoga mwenyewe?"

Yule mama ni binti mdogo tu, kanikazia macho. Nikasema, "Naoga."

"Nguo unavaa mwenyewe?"

"Mwambie aniangalie."

"Na afya?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Unakumbuka kambi ya wakimbizi, siku daktari alipotupima kabla ya safari ya Marekani? Simama wima, usikohoe, mgonjwa hapandi ndege. Miaka yote hii bado namsimamia yule daktari, na miguu yenyewe haisimami.

Barua ikaja: nyongeza imekataliwa, mwombaji anajimudu. Jirani alitusomea. Jeneroza akacheka, kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili nisimsikie.

Sasa akienda kazini nabaki peke yangu. Jumanne nilianguka asubuhi, nikalala sakafuni mpaka aliporudi jioni. Nilijikojolea, dada. Mama usimwambie. Msimamizi wake amesema akikosa siku moja tena, asirudi. Akiacha kazi, nyumba hatuna. Asipoacha, nitapelekwa kwa wazee wasiojua hata neno moja la kwetu, nife nikiomba maji kwa vidole. Mdogo wetu Fideli ananiita nihamie kwake Columbus, binamu ananiita kwake Buffalo, lakini kila jimbo lina sheria zake, na wote wawili wanakaa ghorofa ya tatu.

Tumekata rufaa. Yule mama anarudi Alhamisi, mara ya mwisho. Jeneroza ananifanyisha mazoezi: "Baba Eliya, unaoga mwenyewe?" Mara tatu nilijibu siwezi. Ya nne, mdomo ukasema naoga.

Akanitupia taulo. "Haya, nenda kaoge!"

Niombee, dada. Naogopa mdomo wangu kuliko mgongo.

Kiti kimerudi kutoka kwa jirani. Suti ndiyo imehamia huko.

Nisalimie shemeji na baiskeli zake za kutengeneza, na shangazi wa dagaa.

Mdogo wako ambaye, kwa amri ya mkewe, haogeshwi mpaka Alhamisi ipite,

Onesmo