Kadi Nilizochoma Kabla ya Kuzinakili

Wanja mjukuu wangu,

Huku Siakago tuko salama. Mvua imegoma, lakini mbuzi wamezaa. Barua hii mjomba wako ataipiga picha akutumie leo kwa simu, kwa sababu kazi hiyo ya kompyuta unaianza kesho na roho yangu haijatulia.

Umeniuliza, "Cucu, kuna haja gani ya kuogopa?" Unasema mmehamishia mafaili kwenye kompyuta mpya, na vile viungo vinavyoonyesha faili liko wapi bado vinaelekeza mahali pa zamani. Utavifuta vyote, uvitengeneze upya. Mafaili yenyewe hayaguswi.

Hata mimi nilisema hivyo. Nikiwa karani kijana hospitalini, faili la mgonjwa likihamishwa tuliacha kadi mahali pake, imeandikwa rafu lilikoenda. Rafu mpya zilipoletwa, kadi zote zikawa za uongo. Nikazichoma, niandike nyingine. Kesho yake akaja mama na mtoto anayetetemeka kwa homa. Daktari akataka faili, ajue ni dawa gani iliwahi kumdhuru. Kadi mpya nilikuwa sijaandika, na bila ile ya zamani hata pa kuanzia sikujua. Nikapekua rafu moja baada ya nyingine.

Nililipata, na mtoto akapona. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mtoto wangu ulikuwa umemweka wapi?"

Wanja, usifute kiungo hata kimoja kabla hujaandika kilikuwa kinaelekeza wapi. Umeandika? Nijibu. Simu nimeiweka mapajani.

Cucu wako