Kwaya Kwenye Dari

Jumamosi, 4 Machi

Ilani rasmi kwa taifa zima, yaani mimi na kalamu yangu: leo asubuhi projekta imewasili katika familia hii. Imetoka kwenye ukumbi wa mikutano uliofungwa. Ina vumbi, ina feni inayovuma kama mashine ya kukaushia nywele, na ina kibandiko cha "usiguse" ambacho nimekibandua kwa heshima zote. Gwaride halikupigwa. Mke wangu aliinua kikombe chake cha chai kuipisha mezani, akasema, "Karibu, Injinia." Hotuba ikaishia hapo.

Sikuileta kwa ajili ya sinema. Nimeileta kwa ajili ya Kaka. Tangu kiharusi kimwangushe amelala chali chumbani kwake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Upande wa kulia wote hausogei, na maneno hayatoki tena. Kuelewa anaelewa, daktari kasema. Tunazungumza kwa mkono wake wa kushoto: akikuminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwanzoni alikuwa anakuminya hata hujamaliza swali. Siku hizi Shemeji, mkewe, anasema mkono umelala tu. Unauliza kama anataka maji — kimya. Unauliza kama anataka kugeuzwa — kimya. Anatazama dari kutwa nzima.

Basi nikawaza, kwa akili zangu za mwalimu wa udereva: kama anatazama dari, tumwekee kitu kwenye dari.

Jumapili, 5 Machi

Mpango wenyewe. Deki ya diski itacheza yale mashindano ya kwaya ya kiwanda cha sabuni, Kaka akiwa mbele na kile kifimbo chake cha kuongozea waimbaji. Picha safi kabisa, kila tone la jasho linaonekana. Halafu kuna kile kisanduku kidogo kinachosoma flashi, chenye video za wajukuu. Vichezaji viwili, projekta moja, na projekta ina tundu moja tu la waya wa kisasa. Hayo matundu mengine ni ya zama za kale: la kompyuta lenye vijishimo vingi, na yale ya rangi rangi.

Nimekwenda kwa muuza nyaya pale kona. Nikamwambia nina viwili na moja, nataka visigombane. Akanipa kidude chenye matundu matatu na waya mrefu wa kuzunguka uwanja. Nilimwambia mrefu wa nini, akasema waya mrefu haujawahi kumuudhi mtu.

Shemeji ameuliza, lini? Nikasema kesho. Kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumatatu, 6 Machi

Kesho imefika na mimi sijafika popote.

Chumbani kwa Kaka nimechomeka deki huku, kisanduku kule, projekta kwenye lile tundu lililobaki. Buluu. Nikabadilisha. Buluu. Nikazima vyote nikawasha kimoja kimoja, kama ninavyofundisha watu kuwasha gari asubuhi ya baridi. Buluu, na maandishi: hakuna mawimbi.

Mke wangu alikuwa mlangoni na mikono kiunoni. "Hicho kidude kinafanya kazi gani hasa?"

"Kinaunganisha viwili kuwa kimoja."

Akakichukua, akasogeza miwani, akasoma maandishi madogo. Tundu moja limeandikwa kuingia. Mawili yameandikwa kutoka.

"Hiki kinagawa kimoja kuwa viwili, baba. Umenunua cha mtu mwenye projekta mbili."

Kutwa nzima huwa nawaambia wanafunzi wangu, soma alama kabla hujaingia barabara. Kuna mama mmoja wiki iliyopita aliingia njia ya kutokea kwenye kituo cha mafuta, nikamsema mpaka akanuna. Naona nikimkuta nimsalimie vizuri.

Kaka alikuwa anatazama dari muda wote. Nilimshika mkono nikamuuliza, unanicheka? Kimya.

Jumatano, 8 Machi

Kidude nimekiweka pembeni. Video za wajukuu zitasubiri. Kwanza kwaya. Deki moja kwa moja kwenye projekta, waya mmoja, hata mimi siwezi kukosea.

Picha ilikuja! Sekunde moja — ukumbi, mapazia mekundu, watu wamesimama — halafu giza. Ikaja tena. Giza. Kama mtu anayefumba na kufumbua jicho. Shemeji alikuwa ameshika ncha ya shuka, akawa anasema "hiyo, hiyo" kila inapokuja, na kila inapokwenda ananitazama mimi.

Nimepiga simu kwa muuza nyaya. Akacheka kwanza. Kisha akasema picha kubwa safi kama hiyo inachoka njiani waya ukiwa mrefu na wa hali ya chini. Nikamuuliza, si wewe uliyeniambia mrefu haumuudhi mtu? Akasema, mtu haumuudhi, mzee, unaiudhi picha.

Alhamisi, 9 Machi

Waya mfupi. Picha imetulia kama maji ya mtungini. Ukutani.

Kaka haoni ukutani. Shingo haigeuki hivyo, na tukimwinua mgongo unamuuma. Nikaisimamisha projekta wima, jicho juu, dari ikajaa rangi. Nikajiona mwanamume. Wimbo wa kwanza haukufika katikati — taa nyekundu, feni ikapiga kelele, ikajizima. Matundu yake ya kupumulia yako nyuma, nami nimeiketisha juu yake. Yaani nimeikalisha juu ya pua zake.

Shemeji akasema taratibu, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma: "Shemeji, kama haiwezekani, niambie tu. Nimeshamwambia kila siku kesho. Nimeanza kuona haya kumwambia."

 Nilikunja waya. Huo ninaujua kukunja.

Ijumaa, 10 Machi

Kioo cha meza ya kujipambia ya mke wangu! Projekta inalala sawasawa na kupumua, kioo kinaegeshwa mbele yake kwa mshazari, mwanga unapiga kioo unapanda juu. Nimejaribu kwenye dari yetu ya sebuleni. Inakubali. Mke wangu amenitazama nikibeba kioo chake mlangoni, akasema atachana nywele kwa kubahatisha, lakini kama nitakivunja nisirudi nacho, wala nisirudi mwenyewe.

Jumamosi, 11 Machi

Imefanikiwa. Tulitundika mablanketi madirishani mchana, kwaya ikaimba kwenye dari. Kaka ameona. Machozi ya furaha. Nimewapigia simu ndugu wote.

Jumapili, 12 Machi

Jana niliandika uongo. Sijui nilikuwa namdanganya nani, daftari hili halisomwi hata na mimi. Yaliyotokea hasa ni haya.

Kioo kinageuza picha. Kulia inakuwa kushoto. Kwenye mpangilio wa projekta kuna mahali pa kuirudisha, ninapafahamu, lakini kwa haraka nilisahau. Kwaya ikaanza, na Kaka yule wa kwenye dari, mzima, koti limembana tumbo, akainua kifimbo kwa mkono wa kushoto. Shemeji akasema kwa mnong'ono, "Lakini yeye ni wa kulia." Kisha sote wawili tukaangalia kitandani kwa pamoja. Mkono wa kulia uko pale, juu ya blanketi, kama umewekwa na mtu. Wa kushoto ndio uliobaki.

Kaka alitazama wimbo mmoja. Kwenye wa pili machozi yakaanza kushukia masikioni, maana mtu aliyelala chali machozi hayana njia nyingine. Nikasema, unaona, amefurahi. Halafu akageuza uso. Yeye, ambaye tunasema shingo haigeuki, aliigeuza mpaka pua ikagusa mto wa kulalia, akafumba macho. Shemeji akasema mwanga umemzidi. Nikasema ndiyo, mwanga. Nikazima. Nikaenda nje kupiga simu kuwaambia watu amefurahi.

Leo baada ya chakula cha mchana Shemeji kaniita. Anasema tangu jana mkono umeanza tena. Alimuuliza maji, akaminya. Akamuuliza uji, akaminya mara mbili, kwa nguvu. Akamuuliza kama anataka kwaya tena — hana hakika. Aliminya, lakini hajui kama ilikuwa moja au mbili zilizofuatana.

Basi nimeiweka. Mablanketi madirishani, kioo mahali pake. Picha bado imegeuka, sijaigusa. Nimekaa kwenye stuli kando ya kitanda, mkono wangu mmoja ndani ya mkono wake, huu mwingine unaandika juu ya goti, mistari inapanda na kushuka. Shemeji amesimama kwenye mlango. Hataki kukaa.

Kaka amefumbua macho. Anatazama. Machozi yale yale.

Nimemuuliza, nizime? Ameminya mara mbili.

Nikamuuliza, niiache, basi? Mara mbili.

Shemeji anauliza amesemaje. Nimemwambia subiri.

Nimemuuliza, niigeuze picha, urudi mkono wako wa kulia? Hajaminya. Mara hii vidole vimefungwa juu ya vyangu na haviachii, wimbo umekwisha, watu wa ukumbini wanapiga makofi, na yule wa kwenye dari ameinama kuwashukuru, anainuka, anainua mkono tena. Rimoti iko upande wa pili wa kitanda. Siifikii bila kumwachia.