Hotuba ya Hilje

Haren, Groningen
14 Novemba 1978

Mpendwa mdogo wangu Aaltje,

Hamjambo huko Kanada? Goti la shemeji Berend linaendeleaje, na baridi imeshaanza kuwang'ata? Sisi ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu, ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana nakuandikia vyombo vikiwa bado vichafu.

Kesho Hilje wangu anavaa joho la uprofesa. Ndiyo, Hilje yuleyule aliyekuwa akichezea hamira yangu mpaka mkate ukagoma kuumuka! Alipata shahada ya udaktari hapa Groningen, akafanya kazi Uswidi miaka kadhaa, na sasa chuo kimempa kiti cha uprofesa wa biokemia. Maprofesa wataingia ukumbini kwa msafara, naye atatoa hotuba yake ya kwanza. Ningekuwa natamba mtaa mzima.

Lakini hotuba yenyewe, Aaltje! Unamkumbuka Profesa Tonkens, mwalimu wake, yule mgane anayekula kwetu Jumapili? Jina lake lilivuma kwa kimeng'enya alichokigundua ndani ya hamira. Kipo mpaka vitabuni. Hilje amerudia jaribio lile mara nyingi, na kimeng'enya hakipo. Alichokiona mzee kilikuwa uchafu tu uliobaki kwenye dawa za maabara. Na Hilje anataka kulisema hilo kesho, mzee akiwa amekaa safu ya mbele.

Nilimjia juu. "Huoni haya, mwanangu? Amekulea kama mtoto wake! Si uandike tu kwenye majarida yenu, wasome wachache?"

"Mama, yeye ndiye aliyenifundisha kutoficha kosa. Nimeshampelekea hotuba nzima."

"Amesemaje?"

"Hajajibu."

Jumapili hakuja. Supu ya njegere ililala. Mume wangu Jaap anasema nipunguze presha, eti wasomi hukosoana kisha wakanywa kahawa pamoja. Rahisi kwake, huyo hashtuki hata ng'ombe akitumbukia mferejini! Mimi naogopa kiti cha mzee kitabaki kitupu mbele za watu. Tena naogopa atakuja, aaibike mbele ya wanafunzi wake. Sitaki tumpoteze, Aaltje. Hana mtu mwingine.

Ngoja, kengele ya mlango inalia.

Ni yeye! Kalowa mvua chapachapa, joho kalikunja kwapani. Hata salamu hakutoa. "Bi Geesje, una pasi? Joho hili halijanyooshwa tangu mke wangu afariki, na kesho nakaa mbele."

Nimemvuta ndani, nalia kama mtoto. Yuko hapa mezani ninapoandika, kajikausha na taulo la Jaap.

Nisalimie Berend, Roelie na wale mapacha. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini. Pasi imeshapata moto, sina budi kuacha. Mzee ananiambia nimwonye Hilje asiharakishe kesho. Akifika pale penye kosa lake, asome polepole, wanafunzi wa nyuma wasikie.

Dada yako asiyeacha kukukumbuka,
Geesje